Jiwe unalimulika tochi, faili unalifungua gizani!

Chalii wangu wa Ngarenaro, leo nina ugomvi na wewe. Usikunje sura kabla hujanisikiliza, maana katika kesi hii mimi mwenyewe ni mshitakiwa namba moja.

Ninavyokufahamu, wewe ni mtoto wa mjini. Akija jamaa na jiwe la tanzanite, nguo zina vumbi la Mererani na mdomo umejaa hadithi za mzigo uliotoka usiku wa kuamkia leo, humpi hata mia kabla hujaligeuza juani. Utalimulika tochi, utaliangalia kwa kioo, utamwita na mwenzako mwenye macho zaidi aje aseme neno. Unajua kwamba chupa iliyochongwa na fundi hodari hung'aa kuliko jiwe lenyewe. Ukilipwa noti ya elfu kumi usiku pale Kilombero unaipapasa, unainyanyua kwenye taa. Ukiuziwa simu mkononi unauliza risiti, unauliza boksi, unauliza mpaka jina la baba wa muuzaji.

Sasa wewe huyo huyo, ukitumiwa faili kwenye WhatsApp lenye jina tamu, "Video ya kigogo akipokea mlungula", au "Majina ya walioitwa kazini", kidole kinatangulia akili. Bonyeza! Halikufunguka? Bonyeza tena! Ukipewa flash na mtu usiyejua anakolala, unaichomeka kwenye kompyuta kama unachomeka ufunguo wa chumba chako. Halafu wiki ijayo salio la kwenye simu limeyeyuka, picha zako za siri ziko kwa watu, na wewe unamtafuta mchawi. Mchawi gani? Ulimfungulia mlango mwenyewe, ukamkaribisha na kiti.

Nasema hivi kwa sababu yalinikuta. Nilinunua laptop ya mtumba, nikaipeleka kwa fundi mmoja mjini aniwekee Windows na programu za kuandikia. Bei ya Windows halali aliponitajia nilicheka. Akasema, usijali bwana mdogo, ipo ya kuvunjwa, elfu kumi na tano tu. Akachomeka flash yake, akazima kinga ya kompyuta "kwa sababu inasumbua", akafungua kifaili kidogo cha kuvunjia kufuli, mambo yakaisha. Nikalipa, nikashukuru, nikaondoka kifua mbele.

Wiki ya tatu nikaamka asubuhi nikakuta kila faili limeongezewa herufi nne za ajabu mwishoni. Sauti za watu niliowahoji, picha, makala niliyokuwa naipika kwa miezi kumi na minne, vyote vimefungwa. Kukawa na barua moja tu inayosomeka, kwa Kiingereza: lipa karibu dola elfu moja, na ukiwahi ndani ya siku tatu utapata punguzo la nusu. Looh! Hata majambazi siku hizi wana ofa! Baadaye nikaja kujua kwamba ukoo ule wa virusi unaitwa STOP, wengine huuita Djvu, na tangu mwaka 2018 umekuwa ukisafiri duniani ndani ya programu za kuvunjwa na vifaili vya kuvunjia kufuli. Kampuni ya Emsisoft ilitoa mwaka 2019 dawa ya bure iliyookoa baadhi ya waliofungiwa. Mafaili yangu hayakuwamo katika bahati hiyo. Miezi kumi na minne, ndugu yangu, kwa elfu kumi na tano.

Kwa hiyo siku flash nyingine iliponijia, nilikuwa mtu aliyekwisha kung'atwa na nyoka.

Ilikuwa hivi. Nilipigiwa simu na mtu nisiyemfahamu, sauti ya kistaarabu, ananiita "kaka mwandishi". Eti ana orodha ya vigogo waliojigawia viwanja, anaogopa kuonekana na mimi, ataiacha kwa mama lishe fulani. Kweli nikaikuta, imefungwa kwenye nailoni ya chumvi. Msomaji, mimi ni mwandishi wa kulipwa kwa kipande. Hakuna mshahara, hakuna posho, hakuna gari la ofisi. Orodha kama ile ni kodi ya chumba ya miezi sita na jina kubwa mjini. Mikono ilikuwa inaniwasha. Nadhani aliyeileta alijua kwamba itaniwasha, na hapo ndipo penyewe. Mtego wa panya hauwekwi boga, unawekwa kile panya anachokipenda.

Nikaenda nayo kwa fundi wangu mmoja hapa Ngarenaro, mwenye kijifremu kilichobanana na mashine za kushonea. Yeye alikuwa amelala chini ya printa. Hata hakutoka.

"Umeifungua?"

"Bado, fundi."

"Umeichomeka popote?"

"Bado."

"Basi leo una akili. Kaa."

Alichofanya kwanza hakikuwa cha kompyuta kabisa. Aliniuliza maswali kama polisi wa upelelezi. Nani kakupa? Humjui. Ulikuwa unaitegemea? Hapana. Kwa nini isiwe karatasi? Sijui. Kwa nini anataka uifungue leo leo? Alisema kesho itakuwa imechelewa. Fundi akacheka kicheko cha puani. Akaniambia, hapo tayari faili limeshajieleza nusu, kabla hatujaligusa. Chukua maswali hayo, chalii wangu, hayahitaji bando wala umeme.

Ndipo akavuta kompyuta kuukuu, kisanduku cha zamani kisicho na intaneti wala kitu cha kuiba, akaichomeka flash humo. Ndani kulikuwa na faili moja tu, alama yake ile nyekundu ya PDF tunayoijua sote, jina ORODHA YA VIWANJA.pdf. Mimi moyo ukaruka. Yeye hakulifungua. Alikwenda juu ya dirisha palipoandikwa View, akaweka tiki kwenye File name extensions. Jina likarefuka mbele ya macho yangu kama nyoka anayetoka shimoni: ORODHA YA VIWANJA.pdf.exe.

Hapa naomba utulie, maana ndio moyo wa habari. Kila faili lina jina, halafu lina mkia: herufi zile zinazofuata nukta ya mwisho. Mkia ndio unaoiambia Windows kitu chenyewe ni nini. Mkia wa pdf au jpg ni kitu cha kusomwa au kutazamwa. Mkia wa exe ni programu, kitu kinachotenda: ukikibonyeza kinaamka na kufanya alichokitaka aliyekitengeneza. Iko mikia mingine ya ukoo huo, kama scr, bat, vbs, js na msi. Sasa Windows, kwa hiari yake, huja kutoka kiwandani ikiwa imeificha mikia tunayoijua sana. Kwa hiyo mjanja anaita programu yake "orodha.pdf.exe", Windows inauficha mkia wa kweli, wewe unaona "orodha.pdf" na picha ya PDF aliyoibandika yeye mwenyewe. Picha ile ni kama kofia. Mtu yeyote anaweza kuvaa kofia ya polisi.

Usidhani ujanja huu umezaliwa jana. Mwezi Mei 2000 barua pepe ilitoka Manila kule Ufilipino ikiwa na faili linaloitwa LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT, barua ya mapenzi. Mkia wake wa kweli, vbs, ulikuwa umefichwa. Ndani ya siku chache mamilioni ya kompyuta duniani yalikuwa yameugua, maofisini na serikalini, kwa sababu wasomi na wakubwa wenye suti walitaka kujua nani anawapenda. Kijana aliyeitengeneza, Onel de Guzman, hakufungwa, kwani nchi yake wakati ule haikuwa na sheria ya kumkamatia. Robo karne imepita. Na Windows bado inaficha mikia! Hivi kweli, kampuni tajiri namna ile inashindwa nini kuacha tu jina lote lionekane?

Fundi akaendelea. Akabonyeza kitufe cha kulia cha mausi juu ya faili, akachagua Properties. Pale kwenye aina ya faili pakasomeka Application, yaani programu. Akaniambia, hata jina likikudanganya, angalia mstari huu. Kuna ujanja wa pili ambao mkia peke yake hauwezi kuukamata: herufi moja isiyoonekana inayofanya sehemu ya jina isomeke kutoka kulia kwenda kushoto, kama Kiarabu, hivyo exe inahamia katikati na jina linaishia kwa jpg kana kwamba ni picha. Wanaharakati wa Bahrain walitumiwa mafaili ya namna hiyo mwaka 2012. Lakini mstari wa aina ya faili hausomi kinyumenyume. Kama ni programu unasema ni programu.

Halafu akatafuta saini. Programu za kampuni zinazojiheshimu huwa na saini ya kidijitali ya mtengenezaji, na kwenye Properties utaikuta. Ya kwetu haikuwa na kitu. Kukosa saini pekee hakumfanyi mtu kuwa mwizi, zipo programu nzuri za vijana maskini zisizo na saini. Lakini programu isiyo na saini, iliyovaa kofia ya PDF, iliyofichwa kwenye nailoni ya chumvi? Tuache utani.

Ndipo ukaja ufundi ulionifurahisha kuliko yote. Akafungua lile dirisha jeusi la amri, akaandika certutil -hashfile, jina la faili, halafu SHA256. Ikatoka mistari ya herufi na tarakimu 64. Akasema hiyo ni alama ya kidole ya faili. Badilisha hata nukta moja ndani yake, alama yote inageuka. Kompyuta ile haikuwa na mtandao, basi mimi nikawa nasoma mbilimbili, "tatu f, tisa c", yeye anaandika kwenye simu yake katika ukurasa wa VirusTotal. Hicho ni kituo kilichoanzishwa na Wahispania mwaka 2004, kikanunuliwa na Google mwaka 2012. Kazi yake ni kulipitisha faili moja mbele ya wakaguzi wa virusi zaidi ya sitini kwa mpigo, bure.

Tulikosea herufi mara mbili tukarudia. Mara ya tatu ukurasa ukafunguka mwekundu. Wakaguzi zaidi ya arobaini walikuwa wanalijua faili lile kwa majina mbalimbali, yote yenye maana moja: mwizi wa nywila. Ningelibonyeza, lingekusanya nywila zangu zote zilizohifadhiwa kwenye kompyuta, barua pepe yangu, na majina ya watu wanaonipa habari kwa kuniamini. Hao ndio walionipa jasho baridi, chalii wangu. Mimi nikiibiwa nitalia nitanyamaza. Lakini yule karani aliyeninong'onezea jambo na ana watoto shuleni, ningemwambia nini?

Hapa nikuonye mambo mawili kabla hujakimbia na VirusTotal kama mtu aliyepata dawa ya babu. Kwanza, wakaguzi wote wakikaa kimya haina maana kwamba faili ni malaika. Faili lililopikwa jana hakuna anayelijua bado. Kinyume chake, wakaguzi wawili watatu wasiojulikana wakipiga kelele na wengine wote wametulia, inawezekana wamekosea. Pili, tulipeleka alama ya kidole tu, hatukulipandisha faili lenyewe. Faili unalolipandisha pale linabaki, na wateja wao wanaolipia wanaweza kulichukua. Kwa hiyo usije ukapandisha CV yako, kitambulisho cha NIDA au mkataba wa mtu eti unakagua virusi. Utakuwa umefukuza panya kwa kuchoma nyumba.

Sisi watu wa huku hatukupaswa kufundishwa haya na Mhispania. Ngare kwa Kimaasai ni maji, na maji ya mlima Meru tunayajua. Yapo yanayotoka kwenye chemchemi meupe kama kioo, baridi, matamu, na ndani yana floridi kupita kiasi. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na ziko chemchemi za kuuzunguka mlima huu zinazopita hapo mara nyingi. Tazama meno ya kahawia ya ndugu zetu, tazama na miguu iliyopinda ya watoto kwenye vijiji vya mlimani. Je, kuna aliyeiona floridi kwa macho? Inapimwa. Faili nalo halitazamwi, linapimwa.

Sasa usinijibu kwamba haya ni ya waandishi na wanasiasa. Ni kweli wao ndio waliotangulia kuwindwa. Mwaka 2013 watafiti wa Citizen Lab, kituo cha Chuo Kikuu cha Toronto, walieleza jinsi programu ya kijasusi iitwayo FinSpy ilivyotegwa ndani ya faili lenye picha za watu wa Ginbot 7, chama cha upinzani cha Ethiopia. Unaelewa? Chambo kilikuwa nyuso za viongozi wao wenyewe, wale ambao mfuasi angetamani kuwaona. Uganda ndiko waliko na la kuchekesha zaidi, kama ungeweza kucheka. Oktoba 2015 shirika la Privacy International lilitoa ripoti kwamba baada ya uchaguzi wa 2011, na maandamano ya kwenda kazini kwa miguu, vyombo vya usalama vya Uganda vilinunua mitambo ya ukoo huo huo ili kuingia kwenye kompyuta na simu za wapinzani na waandishi, na mtego ukawekwa mpaka kwenye mahoteli. Serikali ya Kampala ilikanusha. Jina la operesheni yenyewe lilikuwa la Kiswahili safi: Fungua Macho. Ala! Wao wanafungua macho, sisi tunafungua mafaili!

Na jirani zetu Wakenya, mwezi Mei 2025, watengeneza filamu wanne walikamatwa Nairobi na vifaa vyao vikachukuliwa na polisi. Walipokuja kurudishiwa, Citizen Lab hao hao walizichunguza simu, wakasema mbili kati yake zilipachikwa FlexiSPY zikiwa bado mikononi mwa polisi. Hiyo si silaha ya siri ya dola kubwa. Ni programu inayouzwa waziwazi, hata mume mwenye wivu anaweza kuinunua. Kwa hiyo swali la "hili faili limetoka wapi" linaihusu pia simu iliyorudi kutoka mahali ambapo wewe hukuwepo.

Lakini wewe kabwela mwenzangu unawindwa kwa njia nyepesi zaidi, na hapa nataka wakubwa wasikie sehemu yao. Oktoba 2023 mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ilitoa tangazo kwamba wanaotumia VPN wajiorodheshe kabla ya mwisho wa mwezi ule. Tarehe 20 Mei 2025 akaunti ya X ya Jeshi la Polisi la Tanzania ikatekwa na wahuni, wakarusha machafu na uongo kwamba rais amefariki. Polisi wenyewe! Kilichofuata ni mtandao wa X kufungwa nchini. Matokeo yake nini? Vijana waliacha kusoma habari? Thubutu! Kila kijiwe kikaanza kutafuta VPN, na kwa kuwa kila mtu aliogopa kuuliza hadharani, faili likawa linatembea mkono kwa mkono, "chukua hii, inapiga kazi", limetoka kwa binamu, binamu kalitoa kwenye grupu la WhatsApp, grupu halijulikani ni la nani. Na intaneti ilipozimwa siku ya uchaguzi, 29 Oktoba 2025, hapa mtaani tulipeana mafaili kwa Bluetooth gizani, na sikumwona hata mmoja akiuliza mkia. Unapoziba mlango wa mbele wenye taa na mlinzi, usishangae watu wakipita uchochoroni. Na uchochoroni ndiko kibaka anakosubiri.

Faili la programu ya simu ya Android lina mkia wa apk. Ukitumiwa apk kwenye WhatsApp, hata na mama yako mzazi, tambua umetumiwa programu nzima. Hakuna picha, wala barua ya kazi, wala kadi ya mwaliko wa harusi yenye mkia wa apk. Simu yenyewe itakuuliza kama unaruhusu kusakinisha kitu kutoka chanzo kisichojulikana. Ulivyo na haraka utabonyeza ndiyo. Halafu itaomba ruhusa, na hapo ndipo pa kukazia macho. VPN inataka kusoma SMS zako ya nini? Tochi inataka majina ya watu wako ya nini? Programu inayoomba huduma za ufikivu, zile zilizowekwa kwa ajili ya wasioona na wenye ulemavu, inaweza kusoma kioo chako na kubonyeza badala yako. Ukiweka namba ya siri ya M-Pesa inakutazama begani.

Na ninyi wa WhatsApp za GB na FM, mnaojisifu kwamba mnasoma ujumbe uliofutwa! Agosti 2021 kampuni ya Kaspersky ilikuta toleo moja la FMWhatsApp limebeba kirusi cha Triada ndani yake, kinachoweza kuleta virusi vingine na kukuunganisha na huduma za kulipia bila wewe kujua. Wewe unasoma ya wenzako yaliyofutwa, mwenzio anasoma yako ambayo hujayafuta.

Sasa nigeuke upande wa pili, maana najua kuna mtu atakayemaliza kusoma hapa akaanza kufuta kila faili asilolijua. Subiri. Mwaka 2002 barua pepe ilizunguka dunia ikisema: tafuta kwenye kompyuta yako faili linaloitwa jdbgmgr.exe, lina picha ya kidubu, ni kirusi kibaya ambacho dawa zote hazikioni, lifute upesi na uwaambie marafiki wote. Watu wakalitafuta. Kweli lipo! Kweli lina kidubu! Wakalifuta, wakawatumia wenzao kwa upendo mkubwa. Kumbe faili lile ni la Windows yenyewe, kila mtu alikuwa nalo. Hakukuwa na kirusi chochote kwenye kompyuta zile. Kirusi kilikuwa ile barua, na kilichoisambaza ni huruma ya watu wema. Mwaka mmoja nyuma walifanyiwa hivyo hivyo na faili jingine, sulfnbk.exe. Je, hazikufanani hizo na zile "tahadhari, watumie watu kumi" zinazoamka kila asubuhi kwenye simu yako?

Kwa hiyo ukikuta kwenye kompyuta jina geni, usilivamie. Ukifungua Task Manager utaona svchost.exe zimejaa kama abiria wa Hiace. Ni watu wa nyumbani hao. Bonyeza kitufe cha kulia, fungua mahali faili lilipo, utazikuta zinaishi ndani ya Windows kwenye System32. Lakini ukikuta moja linaishi kwenye Downloads au Temp, au jina limepindishwa kidogo likawa scvhost, hapo umemkuta mtu aliyevaa sare ya kampuni na haifahamu kampuni. Muulize fundi, chukua alama ya kidole, kagua. Kufuta ni hatua ya mwisho.

Najiuliza kwa nini nimeyajua haya kwa kuumia. Nilimaliza sekondari, nikalipia kozi ya kompyuta ya miezi mitatu, nikafundishwa kuchapa bila kutazama vidole, kupamba barua, kujumlisha kwenye Excel. Cheti ninacho, kimepigwa muhuri. Hakuna siku hata moja mwalimu aliyesema "kabla hujalifungua, angalia mkia". Tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao tangu mwaka 2015. Hapa hapa Arusha, mwaka 2016, kijana alitiwa hatiani kwa kumtukana rais kwenye Facebook, akachaguzwa kati ya faini ya mamilioni na miaka mitatu jela. Mbio hizo za kumfuata aliyeandika sentensi moja nimeziona. Aliyenifungia kazi yangu ya miezi kumi na minne nilikwenda kumripoti, nikaulizwa kama namjua kwa sura.

Fundi wangu hakunidai hela siku ile. Nilimnunulia chai na chapati mbili, akarudi chini ya printa yake. Flash ile ninayo bado, nimeizungushia utepe mweusi wa umeme nikaiandika X kwa rangi ya kucha. Namba iliyonipigia haipatikani tangu wiki ile. Mama lishe anasema aliyeiacha alikuwa kijana mpole, alikula wali maharage, akalipa, akaacha na chenji.

Na kama orodha ile ya viwanja ipo kweli, na aliye nayo anasoma hapa, mimi bado naitaka. Ailete kwenye karatasi.